Vidonge vya Chunusi Viwe na Tarehe ya Mwisho

Anayefika dukani kutafuta dawa ya chunusi mara nyingi ameshachoka. Amebadilisha sabuni, amepaka limau kwa ushauri wa shangazi, amelala na dawa ya meno usoni, na sasa rafiki amemwambia kuwa "doksi" ilimsafisha uso ndani ya mwezi. Anachoomba ni vidonge, tena kidogo kidogo: vinne leo, vingine wiki ijayo hela ikipatikana. Muuzaji akiwa na haraka anampa. Hakuna anayemwambia ameze kwa muda gani, apake nini pamoja navyo, wala aviache siku gani. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa muda wa kutosha kuona kwamba maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua kama uso utatulia au utarudi ulivyokuwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Viuavijasumu vya kumeza vinasaidia chunusi, na wapo watu wanaovihitaji kwelikweli. Lakini vinasaidia kwa muda tu, vikiwa na dawa ya kupaka pembeni yake, na vikiwa na tarehe ya kuachwa iliyoandikwa siku ileile ya kuanza. Ukivimeza peke yake, au ukivimeza bila mwisho, unajitafutia hasara wewe na watu wa nyumbani kwako.

Kila tundu la unyweleo usoni, kifuani na mgongoni lina tezi ndogo inayotoa mafuta. Wakati wa kubalehe homoni za jamii ya androjeni huziamsha tezi hizo, mafuta yakaongezeka, na wakati huohuo chembe za ngozi zilizotakiwa kupukutika hugandamana zikaziba mdomo wa tundu. Zibo likiwa wazi kwa juu utaona weusi, likifunikwa na ngozi utaona kipele kidogo cheupe. Ndani ya mafuta yaliyonaswa humo huzaliana bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye siku zote huishi kwenye ngozi ya kila mtu bila ugomvi. Mwili ukimshtukia ndipo unapokuja uvimbe, maumivu na usaha. Vitabu vingi husema ngozi hugeuka nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, na ndiyo maana wengi wetu hatutambui mapema kwamba kipele kimeshawaka.

Ukifuata mwendo huo utaona kwa nini kidonge peke yake hakitoshi. Doksisaiklini, ndiyo hiyo doksi, hupunguza bakteria na pia hutuliza uvimbe kwa njia yake yenyewe, jambo ambalo wengi hawalijui. Haipunguzi mafuta, wala haizibui tundu. Siku ukiacha kumeza huku matundu yakiendelea kuziba, chunusi hurudi, nawe unadhani dozi ilikuwa ndogo ukaenda kuongeza nyingine.

Basi nani anahitaji vidonge? Mwenye weusi na vipele vyeupe visivyouma hana haja navyo kabisa. Hata mwenye vipele vichache vyenye usaha anaweza kupona kwa dawa ya kupaka. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu 649 wenye chunusi za usoni, kuanzia hafifu hadi za kati. Wapo waliomeza oksitetrasaiklini, wapo waliomeza minosaiklini, na wapo waliopaka benzoili peroksaidi tu. Waliopaka walipata nafuu isiyopungua ile ya waliomeza, kwa gharama ndogo zaidi, na sehemu kubwa ya nafuu ilionekana katika wiki 6 za mwanzo. Mama anayekuja kuniomba vidonge kwa ajili ya binti wa miaka 14 mwenye vipele kwenye paji la uso, huyo namshauri aanze na ya kupaka na awe na subira ya miezi miwili. Wengi hawarudi tena kuulizia vidonge.

Vidonge vina nafasi pale chunusi zinapokuwa nyingi, zinauma, zina usaha, au zimeenea kifuani na mgongoni mahali ambapo mtu hafikii kupaka vizuri. Vina nafasi pia pale makovu yanapoanza kuonekana, kwa sababu shimo lililobaki shavuni halifutiki kwa dawa ya dukani. Mtu mwenye asili ya kupata kovu linalovimba na kukua, lile la keloidi, asisubiri chunusi za mgongoni na kifuani zichachamae ndipo aende hospitali.

Kabla ya yote, hakikisha hiyo ni chunusi. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakimeza doksi miezi kwa miezi kwa tatizo ambalo doksi haiwezi kulimaliza. La kwanza ni mkorogo. Mafuta ya kung'arisha uso yanayochanganywa mtaani mara nyingi yana steroidi kali kama klobetasoli, wakati mwingine pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Mwezi wa kwanza uso unang'aa na vipele vinapotea, kwa kuwa steroidi hutuliza uvimbe. Baadaye vinachipuka vipele vidogo vinavyofanana, vimejazana mashavuni na kuzunguka mdomo, ngozi inakuwa nyembamba na inawaka ikipigwa na jua. Mhusika anaongeza mkorogo ili kuvitibu. Kidonge kinaweza kumpa ahueni kidogo, lakini mzizi ni yale mafuta, na kuyaacha ghafla huufanya uso uvimbe zaidi kwa wiki kadhaa. Huyu anahitaji kusimamiwa na mtu wa ngozi, na kwanza kabisa anahitaji kusikilizwa bila kuaibishwa.

Wapo pia wanaotokwa na vipele baada ya kuanza sindano au kipandikizi cha uzazi wa mpango chenye projestini peke yake. Usikatishe njia yako ya uzazi wa mpango kwa sababu ya uso. Rudi kwa muuguzi aliyekupa, mweleze, kwa sababu zipo njia nyingine, na vidonge vyenye homoni mbili kwa wanawake wengi hupunguza chunusi. Isoniazidi, moja ya dawa za kifua kikuu, nayo inaweza kuleta vipele vya namna hii, na hapo pia hairuhusiwi kuacha dawa. Vijana wa jimu wanaodungwa homoni za kujenga misuli wanajua wenyewe mgongo wao ulianza lini kuharibika. Mafuta mazito ya nywele yanayotiririka hadi kwenye paji la uso huziba matundu, na dawa yake ni kubadilisha mafuta.

Halafu kuna vipele vya ndevu. Nywele zetu zilizojikunja zikinyolewa karibu mno na ngozi hurudi kuchoma ndani, na mwili unavimba kuzipinga. Kisogoni, baada ya mashine ya kinyozi, vinundu hivyo vinaweza kugeuka makovu magumu. Daktari anaweza kuandika doksisaiklini ili kutuliza uvimbe, ila ukiendelea kunyoa vilevile utarudi palepale. Na mwisho, vipele vinavyowasha sana, vyenye ukubwa mmoja, vilivyotapakaa kwenye paji, kifua na mabega, huenda ni fangasi wa vitundu vya vinyweleo. Chunusi ya kawaida huuma zaidi ya kuwasha. Fangasi hao hunufaika bakteria wakiuawa, hivyo kiuavijasumu huwaongezea nafasi.

Tukishakubaliana kwamba ni chunusi, na kwamba ni ya kumezea dawa, swali ni dawa ipi. Jamii inayotumika ni ya tetrasaiklini, na madaktari wamekuwa wakiitumia kwa chunusi tangu miaka ya 1950. Doksisaiklini ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi kwetu, na kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 100 mara moja kwa siku. Limesaiklini ni ndugu yake. Minosaiklini inafanya kazi, lakini inaweza kuacha rangi ya kijivu-bluu kwenye ngozi na ufizi, kuleta kizunguzungu, na mara chache kuamsha ugonjwa wa ini au wa viungo unaofanana na lupasi. Kama doksisaiklini ipo, sioni sababu ya kuanza na minosaiklini.

Amoksilini haimo katika matibabu ya kawaida ya chunusi, wala ampiklosi, wala flajili, wala sipro. Kumwaga unga wa kapsuli za rangi mbili juu ya kipele, kama wengi wanavyofanya kwenye kidonda, hakuna faida, na kunaweza kuifanya ngozi ianze kuikataa dawa hiyo kwa mzio. Septrini imewahi kutumika kwa chunusi sugu, lakini inaweza kubabua ngozi ya mwili mzima kwa namna ya kutisha, hivyo haipaswi kuwa uamuzi wa mtu na duka. Azithromaisini imewekwa na Shirika la Afya Duniani katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, na kuitumia kwa chunusi bila sababu maalumu ni kuichezea. Erithromaisini hubaki kwa wajawazito wachache ambao daktari ameona hawawezi kusubiri, ingawa bakteria wengi wa chunusi wameshaizoea.

Kuhusu kumeza, kosa ninalolisikia mara nyingi ni la usiku. Mtu anakumbuka dawa akiwa kitandani, anaimeza kwa mate au funda moja la maji, analala. Kapsuli inakwama katika umio, inayeyuka palepale na kuunguza. Asubuhi anashindwa kumeza hata uji na kifua kinamchoma, anadhani ana ugonjwa wa moyo. Meza doksisaiklini kwa bilauri nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usijilaze kwa muda usiopungua nusu saa. Meza baada ya kula kama inakuchafua tumbo, doksisaiklini haina shida na chakula. Ndugu yake wa zamani, tetrasaiklini yenyewe, ndiyo inayotaka tumbo tupu na isiyopatana na maziwa. Kwa zote mbili, vidonge vya kuongeza damu na vile vya magnesiamu vya kutuliza asidi huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Achanisha kwa saa 2 au 3.

Jua ni jambo la pili. Dawa hizi huifanya ngozi iungue upesi, na kuwa mweusi hakukulindi kabisa. Dereva wa bodaboda, mvuvi, mkulima na mwanafunzi anayecheza mpira saa nane mchana wote wahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua isiyo na mafuta mazito. Mwenye ualbino nitamwomba azungumze na daktari kabla ya kumeza hata kimoja. Kwake jua ni tishio la kila siku, na dawa inayolizidisha yahitaji sababu nzito sana.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto wa chini ya miaka 8 hawapewi dawa za jamii hii kwa ajili ya chunusi, kwa kuwa huingia katika mifupa na meno yanayokua yakabaki na madoa ya kudumu. Baadhi ya nchi, Uingereza mojawapo, huweka mpaka huo kwenye miaka 12. Dada ambaye hana uhakika wa tarehe zake apime mimba kwanza. Wengine hupata fangasi ukeni wakiwa kwenye dozi, jambo linalotibika, na ni afadhali kulijua mapema kuliko kujishuku au kumshuku mwenzako. Hofu kwamba doksisaiklini huua nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango haina msingi, isipokuwa dawa ikikutapisha au kukuharisha sana.

Kuna dalili ambazo zikitokea unaacha na kwenda hospitali siku hiyohiyo: kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu au vitu viwiliviwili, midomo au uso kuvimba, ngozi kutoka malengelenge, kuharisha damu. Ile ya kichwa na macho hutokana na shinikizo kupanda ndani ya fuvu, na hatari yake huongezeka dawa za jamii hii zikichanganywa na aisotretinoini au vidonge vya vitamini A vya kipimo kikubwa. Doksisaiklini na hizo hazimezwi pamoja kamwe. Na angalia tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti. Tangu miaka ya 1960 imeandikwa jinsi tetrasaiklini iliyoharibika ilivyodhuru figo za wagonjwa. Vidonge vilivyotolewa kwenye kopo na kufungwa kwenye karatasi havina tarehe, na hiyo ni sababu tosha ya kuvikataa.

Sasa nije kwenye jambo linalowagharimu watu wenye ngozi nyeusi kuliko lolote. Wiki mbili za mwanzo hutaona kitu cha maana. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 vipele vipya huanza kupungua. Kufikia wiki ya 12 unaweza kusema kama dawa imefanya kazi. Lakini ukijitazama kwenye kioo wiki hiyo ya 12 utaona uso bado una madoa meusi, na moyo utakuambia chunusi bado zipo. Unaongeza mwezi, unaongeza mwingine. Madoa hayo ni rangi iliyomwagika ndani ya ngozi pale uvimbe ulipokuwa, na kiuavijasumu hakiyagusi hata ukimeza mwaka mzima. Funga macho upitishe kidole taratibu mahali penye doa. Kama ni tambarare, hakuna kinachouma na hakuna kilichoinuka, chunusi ya hapo imekwisha. Kilichobaki hufifia chenyewe kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na huharakishwa na kujikinga na jua, na adapalini au asidi ya azelaiki ya kupaka. Kinachorudisha madoa ni kutumbua, kusugua, na kukimbilia mkorogo.

Ndiyo maana nashauri mtu ahesabu vipele, asihesabu madoa. Siku ya kwanza simama kwenye mwanga wa dirishani, hesabu vilivyoinuka na vinavyouma, andika. Piga picha bila kichujio. Rudia kila baada ya wiki 4, mahali palepale, saa ileile. Uamuzi wa kuendelea au kuacha utegemee hesabu hiyo.

Mwongozo wa taifa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2021 unataka mgonjwa apitiwe upya katika wiki ya 12, na hauruhusu kuvuka miezi 6 ila kwa hali za pekee. Unakataa pia mambo matatu waziwazi: kiuavijasumu cha kumeza peke yake, kiuavijasumu cha kupaka peke yake, na kuviunganisha viwili hivyo. Madaktari wa ngozi wa Marekani nao, katika miongozo yao ya mwaka 2016 na 2024, wanasisitiza muda mfupi na benzoili peroksaidi kando yake. Sababu ya benzoili peroksaidi kupewa nafasi hiyo ni kwamba huwaua bakteria kwa oksijeni, na hadi leo bakteria wa chunusi hawajaweza kujenga usugu dhidi yake.

Usugu ndilo jambo ninalolihofia zaidi. Watafiti walipopima ngozi za wagonjwa wa chunusi katika miji ya Ulaya, waliokutwa na bakteria sugu wa chunusi walikuwa asilimia 51 Hungaria na asilimia 94 Hispania. Walipowapima watu wa karibu na wagonjwa, waliokuwa hawajameza chochote, walikuta wengi wao wanao pia. Hata madaktari wa ngozi waliohudumia chunusi walikuwa nao. Ukimeza doksi bila mpango, ndugu yako mnayelala naye chumba kimoja anaweza kurithi usugu huo bila kumeza hata kapsuli moja.

Na dawa haiwatafuti bakteria wa usoni tu. Hupita tumboni, kooni, kila mahali, na popote inapopita huwaachia nafasi walio sugu. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 118,000 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa wenye chunusi waliotumia viuavijasumu walipata maambukizi ya koo na njia ya juu ya hewa mara mbili hivi ya wenzao wasiotumia.

Kwa Tanzania somo hili si geni. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza Oktoba 1977, vimelea vyote vilivyopimwa vilikufa kwa tetrasaiklini. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima ili wajikinge. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Profesa Fred Mhalu na wenzake waliliandika hilo katika Lancet mwaka 1979, na bado husomwa. Huko Goma mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokufa kwa maelfu, vimelea vya kipindupindu vilivyokuwa vikiwaua vilikuwa sugu kwa doksisaiklini. Hiyo ni jamii ileile ya dawa ninayoombwa kwa ajili ya vipele. Doksisaiklini bado hutibu kipindupindu, klamidia na bruselosi, na huwakinga wasafiri na malaria. Nchi yetu ina mpango mzima wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, lakini mpango huo unaishia pale muuzaji anapokata vidonge vinne na kuvipokelea hela bila cheti.

Kwa hiyo anza hivi. Siku unayopewa doksisaiklini, ondoka pia na dawa ya kupaka, na mwombe anayekuandikia aandike tarehe ya wiki ya 12 kwenye kadi yako. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha. Ile ya asilimia 10 haina nguvu ya ziada ya maana, ila huchubua zaidi, na ngozi nyeusi iliyochubuka huzaa madoa mapya. Paka asubuhi sehemu yote inayotoa chunusi, usitoneshe kwenye kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake ni kuzuia kijacho. Inafubaza rangi ya kitambaa, hivyo tumia taulo na foronya nyeupe, na ujihadhari na kanga yako nzuri. Usiku paka adapalini ya asilimia 0.1, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, kwenye ngozi kavu. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ikichuna, paka losheni nyepesi kabla yake. Mjamzito asitumie adapalini. Uso uoshwe mara mbili kwa siku na sabuni laini. Sabuni za kuua vijidudu na viosheo vya kukwaruza viachwe. Na liwa ya bibi sina ugomvi nayo maadamu haikuwashi na huisugui.

Kidonge katika mpango huu ni mtu anayekusaidia kusukuma gari lililozima, injini ikiwaka anabaki nyuma, na injini yenyewe ni dawa ya kupaka. Ndiyo maana wiki ya 12 ukiacha doksisaiklini huachi adapalini wala benzoili peroksaidi. Hizo huendelea kwa miezi mingi. Watu wanaoacha vyote siku moja ndio wanaorudi dukani baada ya Pasaka au Idi wakisema dawa haikufanya kazi. Kuacha doksisaiklini hakuhitaji kupunguza polepole, unaacha tu. Ukisahau siku moja, meza unapokumbuka, ila usimeze mbili kwa pamoja. Na kama fedha haitoshi kununua vyote viwili, nunua ya kupaka, acha vidonge.

Ikiwa hesabu yako ya wiki ya 12 haijapungua, kuongeza kiuavijasumu kingine si jibu. Kwanza jiulize kwa ukweli kama ulipaka kila siku, kwa kuwa wengi hupaka wiki mbili wakaacha kwa sababu ya kuchuna. Kama ulipaka, nenda kwa wataalamu wa ngozi. Mwanamke ambaye hedhi zake zimevurugika, ana ndevu zinazoota na chunusi za kidevuni zinazowaka kila mwezi, anahitaji kuchunguzwa homoni na ovari zake, na tiba yake huenda isiwe kiuavijasumu kabisa. Mwenye vinundu vikubwa vya ndani vinavyoacha mashimo anaweza kuhitaji aisotretinoini, dawa nzito inayopunguza mafuta yenyewe, inayoharibu mimba vibaya na kutaka vipimo vya damu, na ambayo kwa watu wengi ndiyo huifunga kabisa safari hii. Kijana wa kiume ambaye ghafla amepata vidonda usoni na kifuani, ana homa na viungo vinamuuma, asisubiri miadi, apelekwe siku hiyo.

Wataalamu hao si lazima wawe madaktari bingwa wa mjini. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kimefundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika waliorudi kuhudumia hospitali za mikoa na wilaya. Uliza hospitali ya wilaya yako kama yupo mmoja wao, na siku za kliniki ya ngozi ni zipi. Unapokwenda usijipake chochote asubuhi hiyo, hata poda. Chukua picha zako na hesabu zako. Weka kwenye mfuko kila ulichomeza na ulichopaka mwaka huu: pakiti za doksi zilizoisha, kadi ya sindano ya uzazi wa mpango, mafuta ya nywele, na kile kikopo cha mkorogo kisicho na jina. Hicho kikopo kitoe cha kwanza.